Ganda Ndani ya Kibuyu cha Mbegu

29 Juni, Jumapili

Daftari hili ni langu mimi Alungat, mke wa marehemu Emojong, mama wa Patience. Jina nimeliandika mapema kwa sababu jirani yangu Mugeni ana ugonjwa wa kuazima vitu. Lina jalada gumu na kamba nyekundu ya kuwekea alama. Patience alinitumia kutoka Nairobi, limetoka kwenye mkutano wa hotelini, huko wanayagawa kama karanga. Akasema, "Mama, uwe unaandika andika, kichwa kipumzike." Basi naandika. Mwandiko wangu ni mzuri. Sijisifu, alisema mwalimu Oluka kule upande wa Kenya nilikosoma mpaka darasa la saba. Kiswahili cha kuandika alitufundisha yeye, na kiboko kikamsaidia.

Wimbi limeiva. Ukisimama mlangoni kwangu unaona shamba lote limeinamisha vichwa, na kule mbele mwamba wa Tororo umesimama peke yake kama mgeni aliyekataa kiti. Hakuna mtu kijiji hiki mwenye wimbi kama langu mwaka huu. Waulize.

30 Juni

Tumeanza kuvuna. Mgongo.

2 Julai

Tunakata kichwa kimoja kimoja kwa kisu kidogo. Mvua ilitukimbiza saa tisa.

3 Julai

Patience amepiga simu. Naandika yote.

Kwanza nieleze kazi yake, maana watu wa hapa nikiwaambia mtoto wangu anafanya kazi ya bunduki wanashtuka. Si kuzibeba, hapana! Ni kuzizuia. Kuna mkataba wa dunia nzima, unaitwa Mkataba wa Biashara ya Silaha. Unasema nchi ikitaka kuuza bunduki au risasi lazima kwanza iulize, zinakwenda kwa nani, zitafanya nini, na kama zitaishia kwa wauaji, isiuze. Nchi yetu bado haijatia sahihi, anasema, lakini shirika lake linaruhusiwa kuingia na kusema. Kila mwaka wanakutana Geneva. Mwaka huu, mwezi wa nane, atakayesema ni Patience wangu. Amepewa dakika nne.

"Nne tu?" nikamwuliza. "Mimi kumsalimia Maggie wa sokoni peke yake ni nusu saa."

Alicheka. Kisha akashusha sauti, na mimi namjua mtoto wangu akishusha sauti hivyo.

"Mama. Lile ganda bado unalo?"

Ganda ni la risasi. Miaka minne iliyopita wezi walikuja hapa kwa ajili ya maksai wawili wa kulimia. Mwanangu Emoit alitoka na tochi. Nitaandika hayo tu.

Polisi waliokota maganda mawili wakaenda nayo. La tatu nililiona mimi, siku ya nane, nikifagia uwanja, limejificha chini ya mguu wa ghala. Nililisugua kwa majivu na mchanga kama tunavyosugua vyombo vyote vya nyumba yenye msiba. Nikaliweka ndani ya kibuyu cha mbegu. Kibuyu cha mbegu hakuna anayekifungua kabla ya mvua ya kupanda, hata mwizi wa kwetu anajua hivyo. Kila mwaka nikimimina mbegu, nalitoa, nikimaliza kupanda nalirudisha.

Patience anasema kwenye kitako cha ganda kunakuwa na alama, kiwanda na mwaka. Ukiwa na alama unaweza kuuliza, hizi mliuza kwa nani? Anataka picha tu. "Mpe Mugeni apige na simu yake, anitumie. Dakika mbili, Mama. Lakini iwe kabla ya mwisho wa mwezi, ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka karatasi zetu."

Nikamjibu, "Sijui nililiweka wapi. Njoo ulitafute mwenyewe."

Ni uongo. Niliusema haraka, kama mtu anayefunga mlango akiona mvua.

4 Julai

Niandike kwa nini.

Tangu tumzike Emoit, Patience hajakanyaga hapa. Miaka minne. Pesa anatuma, dawa ya presha anatuma, mwenyewe hajitumi. Mwezi wa pili amezaa mtoto wa kiume. Mjukuu wangu nimemwona kwenye simu ya Mugeni tu, ana paji la uso la kwetu, kubwa, la akili. Huko Nairobi wanamwita Bebi, kama sabuni. Baba yake, Okanya, ni Msamia mpole, ila hajaleta hata ng'ombe mmoja. Kwa hiyo mtoto bado ni wa hapa, na jina lake ni la hapa.

Kwetu Wateso jina haliandikwi kwanza, linaonjwa. Bibi anachovya kidole kwenye pombe ya wimbi, anamwekea mtoto mdomoni, anataja jina. Mtoto akinyonya, amekubali. Akitema, unataja jingine. Patience alinyonya kidole cha mama mkwe wangu mpaka watu wakasema huyu atakuwa mlevi. Amekuwa mtu wa Geneva.

Nataka kulitaja jina Emoit, nione kama kuna mdomo wa kulipokea.

Na jambo jingine. Baada ya msiba watu walianza kuniita Mama Patience. Kwa huruma, wasinichome. Maisha yangu yote nilikuwa Mama Emoit, yeye ndiye kifungua mimba. Walinibadilisha bila kuniuliza. Ni Maggie peke yake, yule muuza omena wa sokoni Busia, anayeniita jina langu.

5 Julai

Mvua. Hakuna kazi.

6 Julai, Jumapili

Kanisani nimewaambia habari ya Geneva. Mke wa katekista akauliza kama ni karibu na Jinja. Nimemsamehe.

9 Julai

Patience tena. "Mama, umelitafuta?"

"Bado nina wimbi uwanjani."

"Mama."

"Wimbi halingoji mtu. Wewe ukija, mikono minne inatafuta upesi."

Akasema ana kazi nyingi. Nikasema na mimi pia. Tukaulizana hali ya hewa kama watu wasiojuana.

11 Julai

Jua. Nimeanika.

14 Julai

Kupura wimbi. Wanawake watano walikuja kunisaidia. Nilipiga fimbo kuliko wote, na mimi ndiye mzee kuliko wote. Mugeni alijifanya ana simu ya biashara. Ana kibanda cha kutuma pesa njiani, kwa hiyo simu yake ina biashara kila kazi ikianza.

16 Julai

Kumbe Patience amempigia Mugeni kwa siri, amtafutie! Mugeni amekuja na tabasamu, ati kunisaidia kupanga nyumba. Alipekua chini ya kitanda, kwenye vyungu, ndani ya sanduku la Emojong. Akapita mbele ya kibuyu cha mbegu mara tatu.

"Mama Patience, kweli hukumbuki?"

"Uzee, binti yangu."

"Juzi ulinikumbusha sufuria niliyoazima mwaka juzi."

"Sufuria ilikuwa yangu."

Akaondoka. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakwama. Nilitikisa kibuyu. Mbegu zinasema shaaa, na katikati kuna kitu kinasema ko. Miaka minne nasikia ko hiyo. Nikadhani leo itanifurahisha kwa sababu ni chambo. Haikunifurahisha.

18 Julai

Tumesaga. Unga mzuri, mwekundu.

19 Julai

Nimekanda unga wa pombe, nimeufukia shimoni juu ya majani ya ndizi. Wiki moja utachacha, nitaukaanga, nitauanika. Ukishakauka unakaa miezi. Siku ukitaka pombe, unaongeza maji na kimea, siku nne iko tayari. Patience akisema kesho anakuja, nitamwambia aje baada ya siku nne. Hapana. Nitamwambia aje kesho.

21 Julai

Hakupiga.

22 Julai

Hakupiga. Nimekagua katochi yangu, ile simu ndogo ya vitufe, kama ina chaji. Inayo.

24 Julai

Mwandiko leo ni mbaya, mwalimu Oluka anisamehe.

Leo nilikwenda soko la Busia kuuza madebe mawili ya wimbi. Nilikaa mahali petu pa siku zote, mimi na ungo wangu, Maggie na omena zake, Oguttu wa vitunguu kulia. Ng'ambo ya barabara wanakaa wale wanaobadilisha pesa za Uganda na za Kenya. Jua lilikuwa la saa sita. Nilikuwa napepeta. Maggie alikuwa ananiudhi, ati wimbi langu lina mchanga.

"Mchanga ni wa omena zako," nikamwambia. "Upepo unauleta."

"Mama Emoit, omena hutoka ziwani. Ziwani kuna maji."

Pikipiki ilisimama kule, watu wawili. Nilidhani ni wateja. Mmoja akatoa kitu kirefu kutoka kwenye gunia. Mbadilisha pesa mmoja alishika mkoba wake badala ya kuuachia. Risasi ikalia, ya pili, kisha wakageuza pikipiki kuja upande wetu na yule wa nyuma akapiga ya tatu ovyo, kutufukuza. Watu wote wakalala chini. Mimi sikulala. Nilibaki nimeshika ungo. Kitu kikadondoka ndani ya ungo wangu, katikati ya wimbi, kikasema ko.

Maggie alikuwa amekaa vilevile, ila leso yake ilikuwa inabadilika rangi.

"Paja," akasema, kama mtu aliyeumwa na siafu. Nilifungua leso yangu nikamfunga juu ya kidonda, nikakaza kwa goti. Watu wakaleta gari. Tulipomwinua akanivuta sikio: "Mama Emoit. Omena zangu. Usimwachie Oguttu."

Oguttu alikuwa analia. Alizikusanya moja moja, akaziweka kwenye gunia, akamfuata nazo mpaka kwenye gari.

Mbadilisha pesa alipona, risasi ilimpata mkononi tu. Mkoba walienda nao. Maggie yuko hospitali Tororo, wanasema mfupa umeguswa lakini atatembea.

Kile cha kwenye ungo nilikifunga kwenye pindo la nguo. Kilikuwa bado cha moto.

25 Julai

Asubuhi nilifungua kibuyu cha mbegu, na mvua ya kupanda iko mbali. Mbegu nilizimimina kwenye mkeka. Nikaweka maganda mawili kwenye meza, la zamani na la jana. Yanafanana urefu, yanafanana unene. Lakini vikombe pia hufanana.

Namba sikuweza kuziona. Lile la Emoit nililisugua sana wakati ule, majivu na mchanga, mikono yangu na wazimu wangu. Nilivaa miwani, nikatoka juani, bado. Ndipo nikakumbuka mama yangu alivyosoma sarafu zilizochakaa. Nikachukua unga wa muhogo, mweupe, nikapaka kwenye kitako, nikafuta kwa kidole gumba. Unga wa juu ukatoka, ule wa ndani ya alama ukabaki. Namba zikajitokeza nyeupe kama meno. Tatu juu, mbili chini.

Nikafanya la pili. Tatu juu, mbili chini.

Ni zilezile.

Nilikaa. Kuku walikuja wakala mbegu kwenye mkeka na sikuwafukuza.

Kwa hiyo ni mzigo mmoja. Sanduku moja lilitoka kiwandani mahali nisipopajua, kwa karatasi yenye mhuri, mtu akatia sahihi kwamba linakwenda kwa jeshi fulani la halali, halafu likapotea njia, likafika kwetu. Likatoa tatu hapa uwanjani. Likakaa. Likatoa tatu Busia. Na bado lina nyingi. Na mimi nilikuwa na alama yake kwenye kibuyu, nailisha mbegu, naifanya chambo cha kumvulia mtoto wangu.

Nilikwenda kibandani kwa Mugeni nikiwa sina viatu. Alikuwa na wateja wawili. Niliweka maganda kwenye kaunta.

"Piga picha."

Alitazama, akanitazama. Nilingoja aseme "Uzee, Mama Patience?" Nilistahili. Badala yake aliwaambia wateja warudi baadaye, akafuta kioo cha simu kwa blauzi yake, akapiga kila ganda mara tano. Unga ulipotawanyika aliniomba nipake tena. Kisha akazituma.

"Zimefika," akasema. "Ameona."



26 Julai

Amepiga.

Nilimwambia yote kabla hajasalimia. Kwamba nilijua lilipo, kwamba nilidanganya mara tatu, kwamba nilitaka aje.

Nilisikia mtoto akigugumia karibu naye.

"Nilijua, Mama," akasema. "Tangu mwanzo. Mugeni aliniambia amepekua kila kitu isipokuwa kibuyu cha mbegu. Ningeweza kumwambia akifungue. Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naomba picha, na huku naomba usilipate ganda, maana naliogopa."

Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kulisema. Wale maksai wawili aliwanunua yeye, kwa mshahara wake wa kwanza wa kweli. Hilo nalijua. Lakini sikujua anachobeba. "Nisingewanunua, wasingekuja. Kila mwaka napanga safari. Nafunga begi. Nikifikiria ule uwanja, nafungua begi."

Nikataka kumwambia si kosa lako, kama mama yeyote. Mdomo ukakataa, maana nilikuwa na langu. Nani aliyewatangaza maksai wale? Mimi. Busia nzima walijua. Nilimwambia Maggie, nilimwambia Oguttu, niliwaambia watu waliokuja kununua wimbi ambao sikuwajua majina: maksai wa mtoto wangu, weusi, wanene, hawana wenzao kutoka Malaba mpaka Majanji. Nilisema hata wanafungwa wapi.

Nikamwambia hivyo. Miaka minne nilikuwa sijamwambia hata Mungu kwa sauti.

Alilia. Nami nikalia. Salio lake likaisha, akapiga tena kwa simu ya Okanya tukaendelea kulia, kwa gharama ya Okanya. Mwishoni akasema, "Mama, maksai hawana bunduki. Wala mdomo wako hauna. Kuna mtu aliyeziuza."

"Unakwenda kumwuliza?"

"Nakwenda kumwuliza."

Unga wa pombe nimeufukua, nimeukaanga. Umechacha vizuri.

28 Julai

Patience ameniambia nipeleke maganda polisi. Nilivaa nguo ya kanisani. Afisa anaitwa Etyang, kijana wa kunyoa vizuri. Nilidhani ataniuliza kwa nini nimekaa na lile moja miaka minne. Aliuliza, nikamwambia ukweli.

"Basi, mama, hata mimi ningelificha," akasema. Akaandika taratibu: ganda moja, soko la Busia, ganda moja, uwanja wa marehemu. Akafika mahali pa uhusiano. "Niandike nini?"

"Andika Mama Emoit."

Akaandika. Nilitaka kuligusa tena lile la kwangu, lakini alikuwa ameshaliweka kwenye bahasha na kulamba gundi.

29 Julai

Mbegu walizobakiza kuku nimezirudisha kibuyuni, nikakitikisa. Shaaa tu. Nimekaa nacho mapajani.

3 Agosti, Jumapili

Nimemtembelea Maggie. Mguu umening'inizwa kama nyama buchani, nilimwambia, akanitukana vizuri. Wagonjwa wote wa wodi wameshakula omena zake.

"Nasikia mguu wangu unakwenda Ulaya," akasema.

"Picha ya risasi ndiyo inakwenda. Mguu unabaki."

"Haya. Mwambie Patience awaambie mguu ni wa Maggie, binti ya Mangeni, muuza omena. Wasiseme mguu wa mwanamke wa sokoni."

9 Agosti

Jua. Unga wa pombe umekauka, nimeuweka kwenye mtungi, juu, karibu na paa.

15 Agosti

Mvua.

19 Agosti

Patience anasema mkutano ukiisha tarehe ishirini na tisa watarudi, na tarehe thelathini na moja, Jumapili, atakuja. Hapa. Na mtoto. "Nitakuja, Mama, begi silifungui." Mtoto anakwenda naye Geneva kwa sababu bado ananyonya. Mjukuu wangu miezi sita ameshapanda ndege. Mimi nilipanda treni mara moja, bure, kwa kosa la mtu wa tiketi.

20 Agosti

Nimepaka nyumba udongo mpya.

21 Agosti

Nimepaka tena mahali palipopasuka.

23 Agosti

Nimemwomba Mugeni anirudishie mirija ya pombe. Amerudisha mitano kati ya sita.

27 Agosti

Leo anasema. Nimetia maji na kimea kwenye chungu, ili Jumapili iwe tayari. Nusu ya unga mkavu nimebakiza, sijui kwa nini, mkono ulikataa kumimina wote. Siku nzima nimeshindwa kula. Nilifagia uwanja mara mbili, na pale karibu na mguu wa ghala nilipita polepole.

28 Agosti

Nimemsikia!

Mugeni alikuja mbio, mwenyewe, bila kuitwa. Video ni ya dakika nne. Ukumbi mkubwa kuliko kanisa la Tororo, kila mtu ana kipaza sauti chake na glasi ya maji. Patience wangu katikati, nywele amezifunga kama mimi. Anasema Kiingereza cha puani, kizuri sana. Nyuma yake ukutani pametokea picha mbili, na nikapiga ukelele: unga wangu! Unga wa muhogo wa shamba langu, ukutani Geneva, mkubwa kama milango miwili, na namba zinang'aa.

Mugeni akanitafsiria pale nilipopotea. Alisema ganda moja limetoka uwanja wa kijijini, jingine soko la mpakani, miaka minne kati yake, na alama ni moja. Alisema Maggie, binti ya Mangeni, kwa jina kamili. Alisema kwenye karatasi za kuuzia hakuna mahali pa kuandika Emoit alikuwa nani, kwa hiyo jina lake ataliandika yeye. Akalitaja. Emoit. Kwenye ukumbi ule, kila mtu na kifaa chake sikioni, likaingia masikioni kwa lugha zote, maana jina halitafsiriwi.

Halafu akasema, "Namba hizi hazikusomwa na mtaalamu. Zilisomwa na mkulima, kwa unga na kidole gumba. Ni mama yangu. Anaitwa Mama Emoit."

Nimeitazama mara kumi na moja. Chaji ya Mugeni ikaisha. Alipokuwa anatoka akasema bila kugeuka, "Lala salama, Mama Emoit." Ilikuwa saa kumi ya jioni.

30 Agosti

Patience amepiga. Sauti niliijua kabla ya maneno.

Mjumbe wa nchi yenye kiwanda cha alama ile aliomba picha, na ameomba Patience akutane naye na watu wake Jumatatu. Hajawahi kuona mtu akiombwa hivyo, anasema. Labda watasema vitabu vya mauzo vimepotea. Labda watafungua. Akiondoka sasa, hakuna wa kukaa kwenye kile kiti.

"Ukinambia nije, Mama, nakuja. Sema tu."

Pombe imeanza kuchemka kwenye chungu, nilikuwa naisikia kutoka nilipokaa. Nyumba ina udongo mpya. Nimenunua sabuni ya mtoto. Mwezi uliopita ningemwambia presha imepanda.

"Kaa kwenye kiti," nikamwambia. "Ukiulizwa wewe ni nani, uwaambie mama yako ana wimbi zuri kuliko wote."

"Desemba, Mama. Naapa."

"Usiape. Njoo."

31 Agosti, Jumapili

Chungu kilikuwa tayari na hakuna mwenyewe. Basi nikawaita watu. Maggie aliletwa na magongo, akakaa kiti kikubwa kama askofu. Oguttu alikuja. Wanawake watano wa kupura walikuja. Mugeni alikuja na mrija wa sita, ati ameuokota.

Tukiwa tunakunywa, simu ya Mugeni ikalia, ile ya kuonana. Patience, na mtoto mapajani, na dirisha lenye mti wa kigeni. Mtoto alitukodolea macho, wazee wote wale na mirija mdomoni. Nilichovya kidole kwenye pombe, nikakinyoosha kwenye kioo. Akafungua mdomo! Watu wakapiga kelele. Patience akawa anacheka na kulia.

"Taja, Mama Emoit, taja!" Maggie akapiga gongo chini.

Sikutaja. Kidole kilikuwa kinanuka pombe na kioo kilikuwa baridi. Jina haliwezi kunyonywa kwenye kioo. Nilikilamba mwenyewe.

"Desemba," nikamwambia yule mtoto. "Unga mkavu uko juu, kwenye mtungi. Nimekuwekea."

6 Septemba

Simu imekuja: wamefungua vitabu vya mwaka mmoja, bado miwili. Patience anarudi Nairobi kesho. Bado ni Nairobi, si hapa.

Leo nimechagua mbegu za mwaka ujao, zile nzito tu, nimezipepeta mpaka hakuna kapi. Kibuyu nimekiosha, nimekikausha juani, nimekijaza, nimekifunga kwa gunzi na nta. Kabla ya kukiweka mahali pake nilikitikisa karibu na sikio, kwa mazoea.

Ndani mna wimbi tu.